Tundu la Pembeni

Jioni ile nilitumwa popoo.

Mtu mzima, fundi wa redio mwenye cheti, kitambi na upara, natumwa popoo kama mtoto wa shule. Lakini kwenye karakana yetu pale Lorengau, kisiwani Manus, ndivyo tulivyokubaliana: aliyeshika mashine hainuki, asiyeshika ndiye anayetumwa. Na jioni ile mashine ilikuwa mikononi mwa Pomat.

Sokoni niliwakuta akina mama wanafunga vikapu. Nikapata popoo, vijiti vya mtambuu vya kutafuna nazo, na chokaa ndani ya kichupa cha dawa. Mama aliyeniuzia akaniuliza mbona bado tuko kazini na jua limeshaingia nusu baharini.

"Redio ya zahanati, mama. Boti inaondoka nayo kesho alfajiri."

"Zahanati anayofanya kazi Nialou?"

"Hiyohiyo."

"Na huyo anayeitengeneza ni mumewe? Pomat?"

"Ndiye."

Akatema mate mekundu ya popoo. Yakatua karibu kabisa na kiatu changu.

"Mwambie aitengeneze vizuri," akasema. "Angalau kitu kimoja."

Nilicheka, kwa sababu mimi nikikosa la kusema hucheka. Sikutaka kujua zaidi. Kila mtu mjini alijua Nialou alimkimbia Pomat, akaenda kuuguza watu kwenye kisiwa cha mbali huko kusini. Alikimbia akiwa na mkono uliovunjika. Kaka yake, Kolian, ndiye aliyekwenda kumtoa nyumbani kwa Pomat. Siku chache baadaye Kolian akaokotwa kwenye kinamasi cha misagu, ile miti ya unga wa sago, nyuma ya mji, amekatwakatwa kwa shoka.

Nilikuwa mmoja wa waliombeba. Majeraha yalikuwa sita. Mawili makubwa, yaliyoachana. Matatu yaliyobanana ubavuni, kama yaliyopigwa kwa haraka. Na moja la mwisho, shingoni.

Polisi walisema ni majambazi waliokuja na boti kutoka bara. Na sisi tukasema ni majambazi.

Kolian alikuwa fundi mwenzetu. Tulikuwa watatu pale karakana: yeye, Pomat na mimi Pokisel. Baada ya maziko tukabaki wawili, na stuli yake tukaigeuzia ukutani. Pomat hakuwahi kumtaja hata mara moja, na hakuna aliyemshangaa. Kwetu shemeji hatajwi jina. Akiwa hai humtaji, akifa humtaji. Ukimya wake ulionekana adabu.

Basi nikarudi na popoo zangu.

Karakana ilinuka lehemu na jasho. Redio ya zahanati ilikuwa mezani imefunguliwa tumbo, waya wake mmoja umeingia kwenye mashine ya mawimbi. Mashine hiyo, kwa asiyeijua, ni sanduku la chuma linalotoa wimbi la redio. Wimbi lenyewe ni bubu. Ili lisikike kwenye spika lazima ulibebeshe sauti. Sanduku huwa na mluzi wake wa ndani kwa kazi hiyo, ila mluzi wa sanduku letu ulishakufa. Ukitaka sauti, unaiingiza kutoka nje, kupitia tundu la pembeni.

Si kazi ngumu. Unachomeka maikrofoni kwenye tundu. Unaweka swichi kwenye NJE. Halafu unazungusha nobu ya kina, inayoamua sauti ililemee wimbi kiasi gani. Juu ya tundu kuna taa mbili nyekundu. Moja huwaka sauti ikiwa ndogo mno, nyingine huwaka ikiwa kubwa mno. Zikizimika zote mbili, sauti iko sawasawa. Usipochomeka kitu, taa ya ndogo mno huwaka muda wote. Kimya ni kidogo mno siku zote.

Na nobu ya kina ilikuwa na kituko chake. Kolian, enzi zake, aliibadilisha iliyovunjika akaunganisha nyaya kinyumenyume. Kwenye sanduku lile peke yake, kulia kulipunguza, kushoto kuliongeza. Tulimcheka mwaka mzima, kisha tukazoea, kama mtu anavyozoea mlango unaofunguka vibaya.

"Umelala huko sokoni?" Pomat akaniuliza bila kugeuka.

"Nilikuwa nachagua. Popoo ni kama mke, huchukui tu."

Nikajiuma ulimi. Yeye akanyoosha mkono tu, akachukua moja, akaimenya kwa meno.

"We mzee, kaa upande ule usikilize spika. Nikigonga, uniambie kama inasikika."

"Gonga, bwana."

Wenzetu duniani wakijaribu maikrofoni husema moja, mbili, tatu. Watu wa Manus hatusemi, tunagonga. Kila mmoja wetu ana mwito wake kwenye garamuti, ile ngoma yetu ya gogo lililotobolewa. Ukipigwa mwito wako, popote ulipo, shambani au baharini, unajua ni wewe unayeitwa. Unajibu kwa kupiga mwito huohuo wako, maana yake nimesikia, nakuja. Usipojibu, wanaendelea kupiga. Kwa hiyo vidole vyetu vikikutana na maikrofoni, vinagonga mwito wa mwenyewe, bila kufikiri. Mimi niliwahi kufanya hivyo kwenye meli ya mizigo, nahodha akadhani naita mashetani.

Mwito wa Pomat niliujua kama ninavyoujua mlio wa tumbo langu. Mapigo manne ya haraka, moja zito. *Tu-tu-tu-tu... Tu!*

Akachukua penseli. Akagonga.

*Ndu.*

*Ndu.*

*Ndu-ndu-ndu...*

*Ndu.*

Spika ilitoa kila pigo, safi, na taa zote mbili zikazimika.

Nikageuka kumtazama.

Ule haukuwa mwito wake. Ulikuwa wa Kolian.

Mwito wa aliyekufa hupigwa mara ya mwisho siku ya maziko. Baada ya hapo haupigwi tena, hata kwa kidole mezani. Mama zetu walitupiga mikono kwa hilo kabla hatujajua kusema.

"Pomat," nikanong'ona. "Umegonga nini?"

"Wangu."

"Si wako."

Akaitazama penseli. Aliitazama kama mtu aliyegundua kuwa ameshika mkia wa nyoka.

Hapo ndipo nilipoelewa, na sikutaka kuelewa. Mawili yaliyoachana. Matatu yaliyobanana. Moja la mwisho. Mkono ule uliwahi kuupiga mwito ule, na haukuupiga kwenye gogo.

"Mikono imechoka tu," Pomat akasema. Midomo yake ilikuwa myekundu kwa popoo, meno mekundu, mate yanamshuka kidevuni. "Usinitazame hivyo, Pokisel."

Akachomoa maikrofoni kwenye tundu. Kwa nguvu. Akaitupa mezani.

Nikaitazama mashine nikingoja taa ya ndogo mno iwake.

Haikuwaka.

Tundu lilikuwa tupu. Jeusi. Na taa zote mbili zilikuwa giza.

Kuna kitu kilikuwa kinaingia mle. Na kilikuwa sawasawa.

"Pomat... taa."

"Zimeungua."

"Zote mbili? Sasa hivi?"

Spika ikakwaruza. Ikaja harufu kwanza, kabla ya sauti. Sago iliyochacha. Tope la kinamasi. Feni ilikuwa inazunguka, lakini ile harufu haikusogea, ilikaa katikati ya chumba kama mtu.

Kisha...

*NDU.*

Pomat akapiga yowe. Bega lake la kulia lilishuka ghafla. Nilisikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu, kama tawi. Hakuna aliyemgusa. Tulikuwa wawili tu mle ndani, meza iko katikati yetu.

"Nini hicho? Nini hicho?"

*NDU.*

Likampiga mgongoni, akaangukia meza. Damu ikatoka puani ikamwagikia redio ya zahanati, ikachuruzika kwenye nyaya, na nyaya zikatoa moshi.

Mimi ni mwoga. Nasema wazi, sina aibu, nimekimbia mbwa katika nchi nyingi. Mlango ulikuwa nyuma yangu. Lakini nilikuwa nimekula naye chungu kimoja miaka yote ile, na mtu anapopigwa mbele yako, hata kama amestahili, mguu hauondoki kirahisi. Nikarukia ukuta, nikachomoa waya wa umeme.

Feni ikasimama. Balbu ikazimika. Giza la jioni likaingia kutoka dirishani.

Lakini sindano ya kipimo kwenye mashine haikushuka.

*Ndu-ndu-ndu.*

Mbavu. Moja, moja, moja. Alikuwa sakafuni sasa, anakohoa, na kila akikohoa kilitoka kitu kizito. Sikuweza kupambanua damu na popoo.

"Zima!" akalia. "Kaka, zima!"

"Nimeshazima!"

"Punguza basi! Punguza!"

Nobu ya kina. Nikaishika kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi, inateleza. Nikaizungusha kushoto mpaka mwisho wake.

Kukawa kimya.

Nilihesabu pumzi zangu. Nikadhani nimeweza. Nikasema, kwa ujinga, "Imepungua."

Lilikuwa limebaki pigo la mwisho.

*NDU.*

Vioo vya dirisha vilipasuka. Pomat aliinuliwa kutoka sakafuni, nasema aliinuliwa, akabamizwa ukutani, karibu na stuli ile iliyogeuzwa. Shingo yake ilifunguka upande mmoja kama mdomo. Damu ilinirukia usoni, ya moto, na kwenye taa mbili zile, na kwenye tundu. Nikapiga magoti. Nikawa nasema sala nikiichanganya na matusi, maana katika hofu ile vyote vilitoka mfuko mmoja.

Nikamfikia. Nikaweka kiganja changu shingoni, nikabana. Alikuwa hai. Macho yanazunguka.

Na spika ikakwaruza tena.

Ingeanza upya. Ngoma haikomi mpaka anayeitwa ajibu.

"Anakuita wewe," nikamnong'oneza. "Amekuja na mwito wake kwa sababu wewe ndiye uliyeupiga. Mjibu."

"Nikijibu... lazima niende."

"Ndiyo."

"Alikuja kunidhalilisha nyumbani kwangu," akasema. Damu ilitoka kati ya vidole vyangu kila aliposema. "Mbele ya mke wangu. Nilimfuata tu nimtishe. Shoka lilikuwa... nilitaka kumtisha tu."

"Kutisha si mapigo sita, Pomat."

Akacheka. Wallahi, alicheka. Au alikuwa anakabwa, sijui.

*NDU,* ikasema spika. Goti lake likavunjika.

Alitambaa. Sikumsaidia, kwa sababu mkono wangu ulikuwa shingoni kwake, nikatambaa naye, wazee wawili kwenye dimbwi la damu, mmoja mnene. Akaivuta maikrofoni kutoka mezani ikamwangukia kifuani. Haikuwa imechomekwa popote. Akagonga kwa ukucha.

*Tu-tu-tu-tu... Tu.*

Nimesikia. Nakuja.

Spika ikanyamaza. Ile harufu ikasogea, ikatupita, ikatoka mlangoni.

Na Pomat akasimama.

Sijui alisimama na nini. Goti lile nililiona limegeuka nyuma. Lakini alisimama, akaondoa mkono wangu shingoni kwake taratibu, kama unavyoondoa mkono wa mtoto aliyelala. Damu haikutoka tena.

"Kolian," akasema. Mara ya kwanza katika maisha yake kulitaja jina la shemeji yake. "Kolian, taratibu. Mguu unauma."

Akatoka. Nilimshika shati, likachanika, kipande kikabaki mkononi mwangu. Nikatoka hadi kizingitini na kumwona anashuka njia ya kinamasi, anachechemea. Pembeni yake nyasi zilikuwa zinalala, hatua kwa hatua, kama kuna mwingine anayetembea naye.

Kutoka duka la jirani dada mmoja aliyekuwa anakaanga sago aliinua kichwa.

"Kaka Pomat, unaenda wapi na giza hili?"

Aliendelea kushuka tu. Na yule dada ndiye aliyeniokoa, kwa sababu polisi walipomwokota Pomat asubuhi kinamasini, amekatwa mahali palepale alipokatwa mwenzake, mimi nilikuwa na damu mpaka masikioni. Walinikagua mikono, wakanikagua kucha. Wakaniuliza shoka liko wapi. Dada akashikilia ushahidi wake: alimwona ametoka peke yake, kwa miguu yake, na shati halikuwa na tone la damu.

Vioo vilivyovunjika wakasema ni upepo. Majeraha, wakasema ni majambazi. Sisi nasi tukasema ni majambazi. Mji wetu una majambazi wavumilivu sana, wanapumzika miaka mitatu kati ya kazi na kazi.

Nialou alikuja mazikoni. Hakulia. Siku ile mwito wa Pomat ulipigwa kwa mara ya mwisho, mapigo manne ya haraka, moja zito, na wazee wakaziinua fimbo zao na kuzilaza juu ya garamuti. Basi. Hautapigwa tena.

Baadaye Nialou akanivuta kando, nyuma ya masufuria.

"Jioni ile," akaninong'oneza, "nilimsikia kaka yangu akiitwa kwenye redio ya zahanati."

"Dada, redio ya zahanati ilikuwa kwetu. Mezani. Imefunguliwa."

"Najua. Nilisikia kutoka pale ukutani inapokaaga. Pameachwa misumari tu." Akanitazama kwa macho yale makavu. "Nilisikia mapigo yote. Matano yalikuwa sawa. La sita lilikuwa kubwa kuliko mengine. Kubwa sana. Kaka yangu hakuwa mtu wa kuzidisha, Pokisel. Nani aliongeza?"

Nilicheka. Nimeshasema, nikikosa la kusema hucheka.

Usiku, kitandani, nikaunyoosha mkono gizani na kuizungusha nobu isiyokuwepo. Kushoto. Mpaka mwisho wake.

Duniani kote, kushoto ni kupunguza. Mashine zote. Isipokuwa ile.

Nilihama Lorengau. Nimefanya kazi Rabaul, nikafanya Honiara, sasa niko Suva, kwenye karakana yenye kiyoyozi na vijana wanaoniita mjomba. Mashine yetu ni mpya, nobu zake zinazunguka inavyotakiwa, ingawa nayo ina tundu la pembeni na taa zake mbili. Huwa naijaribu kwa kuimba wimbo wa kanisani, vibaya, na vijana wananicheka. Wanadhani ni mbwembwe za mzee. Mkono wa kulia nauweka mfukoni.

Juma lililopita nilisahau.

Nilikuwa nasimulia kichekesho, nimeshika kikombe cha chai kwa kushoto, vijana wanasubiri mwisho wake. Maikrofoni ilikuwa imechomekwa. Vidole vyangu vikaenda vyenyewe.

*Tu-tu-tu-tu... Tu.*

Vijana wakacheka. Walidhani ndicho kichekesho chenyewe. Haukuwa mwito wangu.

Niliweka kikombe chini. Nikachomoa maikrofoni, polepole, nikasogeza uso wangu karibu na tundu.

Taa zote mbili zilikuwa giza.